Peugeot 504 au Land Rover Series III kwa safari ya kuzunguka kusini: ninunue lipi, na nilikague vipi?

Msafiri wa Kusini ameuliza:

Salaam kwenu wadau wote wa magari ya zamani.

Mimi na mke wangu tumeamua kuwa likizo ya Juni mwakani tutawazungusha watoto wetu wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 9, katika mikoa ya kusini kwa gari letu wenyewe. Tutaondoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya, tutashuka Tukuyu hadi Matema kando ya Ziwa Nyasa, tutarudi Makambako na kukata kwenda Njombe na Songea, kisha tutapita Tunduru na Masasi na kurejea nyumbani kwa barabara ya Lindi na Kibiti. Kwa hesabu yangu mzunguko huu unazidi kilometa 2,500. Hatuna haraka, na hatutasafiri usiku.

Ningeweza kukodi gari la kisasa na mambo yakaisha. Ninachotaka ni gari ambalo mtu akifungua boneti anaona kila kitu kinavyofanya kazi, gari ambalo wanangu watajifunza kulipima oili na kulibadilishia plagi, na ambalo litabaki kuwa la familia baada ya safari. Isitoshe, nimekulia katika mazungumzo ya wazee waliokuwa wakisimama barabarani kuyatazama mashindano ya magari ya Safari Rally, na hadi leo napenda kusikia jinsi Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa hapa Dar es Salaam, alivyoshinda mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404, na jinsi 504 ilivyokuja kushinda mwaka 1975 na 1978.

Nimepata magari mawili. La kwanza ni Peugeot 504 station wagon ya mwaka 1980, ya petroli, lipo hapa Dar es Salaam. Limepigwa rangi upya na mwenyewe anasema injini imefunguliwa na kufungwa upya si muda mrefu. La pili ni Land Rover Series III ya 109, ya mwaka 1978, lipo Moshi. Lilikuwa la shamba, rangi imepauka, bodi ina mikunjo, na hakuna anayejua injini ilifunguliwa lini. Bei zake hazipishani sana. Bajeti yangu yote, pamoja na matengenezo, ni shilingi milioni 20, na nina miezi minane kabla ya kuondoka.

Naomba ushauri wa watu wanaoyajua magari haya kwa mikono yao: lipi linafaa kwa njia hii, na nikienda kulikagua nitazame nini?

Fundi wa Zamani amejibu:

Ndugu Msafiri, nimefanya kazi ya Peugeot tangu enzi za 404, na ombi langu la kwanza ni kwamba usiyapime magari haya kwa injini zake. Injini ya gari la zamani hutengenezeka, na hasa hii ya 504, kwa sababu bloku yake ni ya chuma cha kusubu na slivu zake, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hutembea, huchomolewa. Pistoni zikichakaa, fundi huchomoa slivu, akaweka seti mpya pamoja na pistoni zake, na kazi imekwisha bila kupeleka bloku kuchongwa. Bodi iliyooza ni jambo jingine kabisa. Peugeot 504 ya abiria haina chasisi inayojitegemea. Sakafu, sili za chini ya milango na mbavu za mbele ndizo chasisi yenyewe, na zikishaliwa na kutu unaweza kumaliza milioni zako zote 20 kwa kuchomelea na bado ukabaki na gari linalovuta upande mmoja.

Kwa hiyo mimi nikisikia kwamba gari limepigwa rangi upya, ninakuwa mwangalifu zaidi. Nenda na sumaku ndogo uliyoifunga katika kitambaa chepesi ili usikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye sili, kwenye matao ya bodi juu ya matairi na sehemu ya chini ya kila mlango. Ikishika vizuri, chini ya rangi kuna bati. Ikiteleza na kuanguka, chini yake kuna puti nene, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, na nyuma ya puti hiyo huenda hakuna bati tena. Kisha nyanyua mazulia yote, usiridhike na la dereva peke yake, na uingie uvunguni na tochi na bisibisi. Kandamiza bisibisi kwenye viungo vya sakafu na sili. Bati zima hukataa, bati lililooza huitikia kwa kunesa au kutoboka. Fungua boneti utazame pale shokapu za mbele zinapokamata bodi kwa juu, pande zote mbili, kwa sababu uzito wote wa mbele unakaa hapo. Muuzaji akikukataza kufanya haya, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Ukishamaliza bodi ndipo uende kwenye upozaji, maana huko ndiko 504 nyingi zilikofia. Silinda hedi yake, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hata mara moja hupinda, gasketi inayoziba kati yake na bloku ikaachia, na tangu siku hiyo gari halikomi kuchemsha. Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini; kama ina moto, rudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta utazame rangi ya maji. Maji ya kutu yanaeleza kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba au ya kisima bila dawa ya kuzuia kutu, na hayo ndiyo yanayoila aluminiamu kutoka ndani. Tazama pia upande wa ndani wa kifuniko cha oili: ukikuta uji mweupe uliochanganyika na oili, maji yanaingia yasikotakiwa. Sasa liwashe mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, usimame pembeni ukitazama. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa ndani. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji.

Uliza kuhusu themostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto. Gereji zetu nyingi huitoa gari likianza kuchemsha, na gari huonekana limepona kwa sababu linazunguka mjini bila kupata joto, lakini chanzo cha ugonjwa kimebaki palepale. Uliza pia kuhusu feni. Feni ya 504 ilitoka kiwandani na klachi ya sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni huzunguka kwa ulegevu, na ikipata joto sumaku hukamata na feni hufanya kazi kwa nguvu zote. Klachi hizo nyingi zimekwishafungwa moja kwa moja au kuondolewa kabisa. Kufungwa moja kwa moja si kosa kubwa, ila feni isiyokamata mlimani itakuharibia injini.

Na kuhusu maneno ya kwamba injini imefunguliwa juzi: omba risiti za vipuri na jina la gereji. Injini iliyofunguliwa na fundi mzuri ni faida. Iliyofunguliwa kwa haraka ili gari liuzike ni hasara kuliko ile ambayo haijaguswa.

Mdau wa Arusha amejibu:

Ndugu Msafiri, kwa heshima kubwa kwa mzee aliyetangulia, naomba niitetee Land Rover, kwa sababu nadhani mikunjo na rangi iliyopauka vinakutisha bila sababu.

Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, kwa hiyo ile sumaku ya mzee haitakusaidia. Itaanguka karibu kila mahali na haitakuwa na maana yoyote. Gari hili roho yake ni chasisi ya chuma, na uzuri wake ni kwamba chasisi hiyo unaiona yote ukilala chini. Chukua nyundo ndogo uigonge kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza kwa ndani hutoa sauti nzito isiyosikika mbali. Gonga zaidi mwisho wa nyuma pale bampa linapofungwa, na kwenye mikono inayotoka kushika bodi na springi, kwa sababu tope hujikusanya hapo na chasisi huanza kuoza kutokea ndani. Kama lilikuwa gari la shamba la Moshi halijaishi na chumvi ya bahari, nalo ni jambo linaloongeza matumaini.

Injini ya petroli ya lita 2.25 ni ya chuma kitupu, bloku na silinda hedi pia, kwa hiyo joto hailiogopi kama 504 inavyoliogopa. Springi ni za majani, na likikatika jani moja Tunduru, mhunzi yeyote atakufungia utembee. Tairi zake za 7.50-16 zinauzwa kila mji wenye malori madogo. Mafundi wapo, waliofika hapa Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover walijionea wenyewe ni magari mangapi ya aina hii bado yanatembea kwa nguvu zake katika nchi yetu.

Sitakuficha upande wa pili. Mwendo wake wa raha ni kilometa 75 hadi 80 kwa saa, na ukilazimisha zaidi ya hapo unasikia kelele tu. Mafuta linakula: kilometa 6 kwa lita ni matumizi ya kawaida, wakati 504 iliyorekebishwa vizuri hukupa 8 hadi 10. Kwa mzunguko wako hiyo ni tofauti ya zaidi ya lita 100, iweke kwenye bajeti. Breki zake za mbele na nyuma ni za dramu, nazo zinahitaji dereva anayeshuka mlima kwa gia.

Swali langu kwako ni moja: hilo la Moshi ni station wagon yenye viti vinavyotazama mbele, au ni lile lenye mabenchi ya pembeni nyuma?

Mkazi wa Tanga amejibu:

Naongeza upande wa karatasi, kwa ufupi, kwa sababu magari ya umri huu yamepita mikono mingi.

Soma namba ya chasisi na ya injini kwa macho yako kwenye gari lenyewe, kisha uzilinganishe na kadi halisi, si nakala. Injini za magari haya hubadilishwa mara nyingi, na mara nyingi kadi haibadilishwi. Ukikuta zinatofautiana, muuzaji ndiye arekebishe kabla hujalipa. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la mtu anayekuuzia. Kama mwenyewe alifariki, warithi waoneshe hati ya usimamizi wa mirathi. Andikishaneni mkataba mbele ya wakili, na uhamishaji wa umiliki ukamilishwe TRA mapema badala ya kuusogeza hadi karibu na safari. Ingiza pia namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi wa kuangalia faini za barabarani, maana deni hulifuata gari.

Ulizia bima kabla ya kununua. Bima ndogo utaipata, lakini kampuni nyingi husitasita kutoa bima kubwa kwa gari lenye zaidi ya miaka 40, na nyingine hudai ripoti ya ukaguzi kwanza.

Dada wa Makambako amejibu:

Kaka Msafiri, barabara unayoitaja ndiyo barabara yangu, na ningependa uichague gari ukiiwaza njia yenyewe kipande kwa kipande, kwa sababu wengi hununua gari kwa sura yake lilivyoegeshwa.

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro utapambana na joto na foleni ya malori. Mikumi utapita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi. Mwendo umewekewa kikomo, faini za kugonga wanyama zimeandikwa kwenye mabango, na tembo huvuka wanapotaka. Gari lisilo na breki za kuaminika lisipite hapo. Kipimo chenyewe cha gari lako ni Kitonga. Unafika Ruaha Mbuyuni chini bondeni kwenye joto kali, injini tayari imepata moto, halafu unaanza kupanda kwenye kona nyuma ya malori yanayotembea mwendo wa mtu wa miguu. Huna upepo wa kuipoza rejeta, huna nafasi ya kupita, na hupaswi kuitafuta. Gari lililokuwa linakwenda vizuri tangu Chalinze huanza kuchemsha hapo. Pita asubuhi, panda kwa gia ndogo bila kulazimisha, na mshale wa joto ukianza kusogea tafuta mahali salama pa kuegesha kabla haujafika juu. Usifungue mfuniko wa rejeta kwa moto. Watu wameungua uso kwa haraka hiyo.

Baada ya Ilula uko juu, Iringa ikiwa karibu na mita 1,600 na Mbeya karibu na 1,700. Huko hewa ni nyepesi na gari la kabureta hupungukiwa nguvu kwa kiasi cha asilimia 15 hivi, kwa hiyo usishtuke ukaanza kulichokonoa. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 yakiwa wazi, ndiyo maana mfuniko wa rejeta unaoshika shinikizo ni muhimu kuliko bei yake ndogo inavyoonesha. Nunua mpya.

Mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni mrefu kuliko watu wanavyodhani. Unatoka kwenye baridi ya migomba na chai hadi usawa wa ziwa, ambao hauzidi mita 500. Ndipo mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yanapochemka na pedali ikazama hadi chini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama, hivyo gari lolote utakalonunua, yamwagwe yote na kuwekwa mapya pamoja na mipira ya silinda za breki. Kutoka Songea hadi Masasi ni zaidi ya kilometa 450. Lami ni nzuri lakini magari ni machache, na vituo vya mafuta vipo Namtumbo na Tunduru. Usipite kituo ukisema utajaza mbele. Juni umechagua vizuri, maana wakati wa masika barabara ya Lindi inaweza kukatika, kama ilivyokatika Somanga mwaka 2024 baada ya kimbunga Hidaya.

Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya niandike. Una watoto wawili. Kama Land Rover hilo lina mabenchi ya pembeni, wanao watakaa wakitazamana, bila mikanda, bila cha kuwazuia kichwa, kwa zaidi ya kilometa 2,500. Nayapenda hayo magari kama wengine humu, lakini siwezi kukushauri hivyo. Kwenye 504 funga mikanda yenye ncha tatu kwenye kiti cha kati, ifungwe na mtu anayejua pa kukamata kwenye bodi, na kiti cha nyuma kabisa kibebe mizigo. Mizigo yenyewe ifungwe kwa kamba, kwa sababu jeki iliyolegea nyuma ya kichwa cha mtoto ni hatari kama ajali yenyewe.

Msafiri wa Kusini amejibu:

Mzee wangu Fundi, shikamoo. Ninyi nyote nawashukuru kwa dhati. Sikutegemea majibu ya kina namna hii.

Ndugu Mdau, nimepiga simu Moshi. Ni la mabenchi ya pembeni. Mke wangu alisoma maneno ya Dada wa Makambako kabla yangu na hoja hiyo imekwisha nyumbani kwetu, ingawa Land Rover bado nalitamani na sitaacha kulitazama likipita.

Kwa hiyo jana nimekwenda kuikagua 504 nikiwa na sumaku, tochi na bisibisi. Mwenye gari ni mtu mwungwana, hakunizuia popote. Sili ya upande wa dereva sumaku imeshika vizuri kutoka mbele hadi nyuma. Sili ya abiria imeshika isipokuwa karibu na tairi la nyuma, sehemu ya urefu wa kiganja na nusu, ambapo imeanguka mara zote nilizojaribu. Sakafu ni kavu na ngumu. Chini ya zulia la abiria nimeona kiraka kimoja kilichochomelewa kwa unadhifu. Pale juu panaposhikilia shokapu ni pazima pande zote mbili, rangi ya kiwandani bado inaonekana.

Injini ilikuwa baridi. Maji ya rejeta yana rangi ya chai ya rangi. Kifuniko cha oili ni kisafi. Mapovu yalitoka kwa dakika mbili tatu kisha yakakoma, hata nilipokanyaga mafuta. Themostati haipo, mwenyewe amekiri kwamba iliondolewa na fundi mmoja wa awali. Feni imefungwa moja kwa moja. Risiti za gasketi, ringi na beringi za krenki ameonesha, lakini hakuna risiti ya pistoni wala slivu. Namba za chasisi na injini zinalingana na kadi. Tairi zina kashata (meno ya tairi) nzuri sana, karibu mpya.

Nilikuwa tayari kumpa mkono palepale, lakini nimemwomba siku chache. Nifanyeje?

Fundi wa Zamani amejibu:

Marahaba, mwanangu. Umekagua vizuri kuliko mafundi wengi ninaowafahamu.

Hilo gari linanunulika. Sehemu ya kiganja na nusu kwenye sili moja ni kazi ya fundi bodi, mradi akate bati lote lililooza hadi afikie zima na kuweka jipya, asiweke puti juu ya puti. Mwambie mwenye gari bei ipungue kwa gharama hiyo, na akikubali basi bila kuona haya mwombe pia apunguze ya kufungua silinda hedi, kwa sababu mimi nisingesafiri na hedi hiyo bila kuitazama. Risiti za ringi bila pistoni si kosa, huenda pistoni zilikuwa nzima, lakini themostati iliyotolewa na maji ya rangi ya chai vinaniambia kwamba gari hili liliwahi kuchemsha. Hedi ifunguliwe, ipelekwe kwa wachongaji ipimwe kama imenyooka, na gasketi mpya iwekwe. Slivu zipimwe kwa wakati huohuo kama zimesimama juu ya bloku kwa kimo kinachotakiwa, zote nne sawa. Zikitofautiana gasketi mpya itaungua tena. Rejeta ifunguliwe isafishwe kwa ndani, hozi zote zibadilishwe, themostati irudishwe, na maji yawe ya dawa, si ya bomba. Mkanda wa feni ubadilishwe hata kama unaonekana mzuri, na wa zamani uuweke kwenye buti.

Kuhusu tairi, usidanganywe na kashata. Tafuta ubavuni alama ya DOT, ufuate hadi tarakimu nne za mwisho: ukisoma 2314, zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Gari linalosimama sana huwa na tairi zenye kashata nyingi na mpira uliokauka, na tairi la namna hiyo hupasuka likiwa na mzigo kwenye lami yenye moto. Zikizidi miaka sita, nunua tano mpya, pamoja na ya akiba. Tairi za 185R14 zenye nguvu ya mzigo, zile za mabasi madogo, zinapatikana na zinafaa kwa station wagon.

Vipuri vya kubeba usivirundike. Chukua platini na kondensa, rota na kofia ya distributa, plagi seti moja, diaframu ya pampu ya mafuta, hozi ya juu na ya chini, mkanda, gasketi ya hedi, oili, maji ya dawa, waya na klipu. Vingine ukikwama vitatumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, na visivyopatikana huku hupatikana Nairobi, kwa kuwa 504 iliunganishwa Kenya kwa miaka mingi. Pampu ya mafuta ikipata joto sana petroli hugeuka mvuke kabla ya kufika kwenye kabureta na gari huzima kama lililoishiwa. Funga kitambaa chenye maji juu ya pampu, subiri ipoe, litawaka.

Matengenezo yaishe kufikia Januari. Februari litumie kwenda kazini kila siku, kwenye foleni, bila kulionea huruma. Machi lipeleke Morogoro na kurudi mkiwa watu wawili, na Aprili mrudi Morogoro mkiwa wanne na mizigo yote mtakayobeba Juni. Baada ya kila safari kaza upya kila nati utakayoifikia, pima maji na oili, andika kwenye daftari limekula kiasi gani, na mpe mtoto mkubwa hiyo kazi ya daftari.

Dada wa Makambako amejibu:

Nakubaliana na mzee kwa yote, nina nyongeza moja kuhusu hiyo safari ya Aprili. Badala ya kurudia Morogoro, fikeni Iringa. Pandeni Kitonga mkiwa na mizigo yote na gari limejaa, mlale Iringa, na asubuhi mteremke Kitonga hiyohiyo kwa gia ya pili mkisikiliza breki. Mkirudi Dar es Salaam bila kuongeza maji, njooni Juni, na mkifika Makambako nitawaonesha gereji ninayoiamini kabla hamjakata kwenda Njombe.

Msafiri wa Kusini amejibu:

Nimekubaliana na mwenye gari asubuhi hii. Amepunguza gharama ya sili yote na nusu ya gharama ya hedi. Tairi zimesomeka 4113, kwa hiyo tano mpya zimeingia kwenye bajeti. Jumatatu tunakwenda kwa wakili na TRA, Jumanne gari linaingia gereji. Hedi ikishatoka kwa wachongaji nitaweka vipimo hapa, mzee wangu, na naomba uvipitie kabla fundi hajaifunga.